Kutoka Sekenke hadi Mtandaoni: Namna ya Kuandaa Rekodi ya Sauti

Lori linaloshuka Mlima Sekenke kutoka Singida kwenda Igunga husikika kabla halijaonekana. Injini inanguruma kwa gia ndogo, breki za upepo zinapumua, kisha mngurumo wote unatawanyikia kwenye nyika ya Wembere. Upande wa machimbo, makarasha yanasaga mawe ya dhahabu mchana kutwa. Anayetaka kurekodi masimulizi ya wazee wa eneo hili na kuyaweka mtandaoni anaanza na kelele hizi mbili, na akizipuuza siku ya kurekodi, hakuna programu ya kompyuta itakayomwondolea zote baadaye.

Masimulizi yenyewe yanastahili kazi hiyo. Sekenke, wilayani Iramba, ndiko kulikoanza uchimbaji wa dhahabu wa kimgodi nchini Tanzania, mwaka 1909, enzi za Wajerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza dhahabu ya hapa ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzinunua kwa fedha nyingi. Mgodi mkubwa uliendelea chini ya Waingereza hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wachimbaji wadogo hawajaondoka mpaka sasa. Sarafu zimetunzwa kwenye makumbusho, na habari za mgodi zimeandikwa vitabuni na wageni. Namna watu walivyoshuka shimoni, walivyolipwa, walivyoimba na walivyozikana, hayo yamo vichwani mwa wazee na watoto wao, na mengi yamo kwa Kinyiramba, lugha ya wenyeji.

Mwongozo huu unamhusu mwalimu wa sekondari, katibu wa kwaya, mtangazaji wa redio ya jamii au mjukuu tu mwenye simu nzuri kidogo, kompyuta mpakato ya kawaida na bando la kuhesabu. Msikilizaji wake anafanana naye: yuko Shelui, Kiomboi, Mwanza au Muscat, anasikiliza kwa spika ya simu, na data zikikatika katikati ya simulizi hatarudi tena.

Anza na mahali. Upepo wa ukingo wa bonde la Sekenke ni adui mkubwa kuliko lori, kwa sababu lori hupita na upepo haupiti. Ukipuliza maikrofoni, unatoa mtikisiko mzito wa sauti za chini unaofunika maneno. Sponji nene inasaidia kidogo, manyoya bandia juu ya sponji yanasaidia zaidi, na ukuta wa nyumba kati ya maiki na upepo unasaidia kuliko vyote. Kwa hiyo ingieni ndani. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa ukutani kinanyonya mwangwi. Sebule tupu yenye sakafu ya saruji na dari ya bati inaurudisha wote. Mabati nayo hulia yakipata joto, jogoo hawana ratiba, na mvua ikianza kazi imekwisha kwa siku hiyo. Saa moja asubuhi mpaka saa tatu ndio muda mzuri, kabla jua halijapanda na kabla makarasha hayajashika kasi.

Zima feni, zima redio ya jirani kwa kumwomba jirani, na weka simu zote katika hali ya ndege. Simu inayotafuta mtandao karibu na waya wa maikrofoni huingiza ule mlio wa kukwaruza unaotangulia ujumbe kuingia, na mlio huo ukishaingia juu ya neno la mzee hautoki. Maikrofoni ikae umbali wa shibiri moja na kitu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya pumzi yake, ili herufi za p na b zisipasuke. Kumweka mzee mbali na maiki kwa kumwonea haya ndilo kosa linaloharibu rekodi nyingi vijijini: adabu inabaki, maneno yanapotea. Mwamkie, mweleze kifaa ni cha nini, mwache akishike, kisha kisogeze.

Kiwango cha kuingiza sauti kiwekwe kwa kumsikiliza akizungumza kawaida kwa dakika moja. Kipimo cha kwenye kinasa sauti huonyesha desibeli zinazoishia sifuri; sauti ikigonga sifuri inakatwa kichwa na kukwaruza, na hakuna dawa. Vilele vya mazungumzo vikae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Nafasi hiyo iliyobaki ni ya kicheko, ya pigo la fimbo sakafuni, na ya wimbo utakaozuka bila taarifa. Wanakwaya wakianza kuimba, shusha kabla ya kiitikio. Mwisho wa kikao, ombeni wote mkae kimya kwa nusu dakika huku kinasa sauti kikiendelea. Kimya hicho cha chumba kitahitajika wakati wa kuhariri, na hakuna mahali pengine pa kukipata.

Programu nyingi za kurekodi kwenye simu huhifadhi faili likiwa limeshabanwa. Ingia kwenye mipangilio uchague WAV, mfumo usiobana sauti, kama upo, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na, kifaa kikiruhusu, kina cha biti 24. Kwa mtu mmoja anayezungumza, chaneli moja inatosha. Faili la namna hiyo hula megabaiti 8.6 hivi kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya megabaiti 500 kwa saa. Ni zito, na linatakiwa kuwa zito, kwa kuwa hilo ndilo asili. Halihaririwi, halibanwi, halifutwi. Linakiliwa mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na linapewa jina linalosomeka: tarehe ikianza na mwaka, kijiji, jina la msimulizi, namba ya sehemu. Faili lililoitwa «Rekodi mpya 14» litakuwa limepotea ndani ya mwaka mmoja hata kama lipo.

WhatsApp ipewe neno lake hapa, maana huko ndiko rekodi nyingi za Tanzania zinakofia. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa sana wakati uleule wa kurekodiwa. Unafaa kumsalimia shangazi, haufai kuwa asili ya historia. Kama huna njia nyingine ya kusafirisha faili kutoka kijijini, rekodi kwanza kwa programu ya kawaida, kisha litume faili hilo kama waraka, ambapo hufika kama lilivyo.

Kuhariri kufanyike juu ya nakala. Audacity ni programu ya bure inayotosha kabisa, na kompyuta ya zamani inaiweza. Hatua ya kwanza ni kukata: mwanzo wenye kukohoa na kusogeza viti, simu iliyoita, kahawa iliyoletwa. Ukikata katikati ya mazungumzo, ziba pengo kwa kipande cha kile kimya cha chumba, la sivyo msikilizaji atasikia shimo. Halafu chuja sauti za chini ya hezi 80. Sauti ya mwanamume akiongea haipotezi chochote cha maana hapo, na mtikisiko wa upepo na lori la mbali hupungua sana. Wakati wa kuondoa kelele, programu hupewa kipande cha kimya ijifunze kelele yenyewe ikoje, kisha huipunguza kote. Ipunguze kwa kiasi, desibeli 6 mpaka 10. Ukiilazimisha zaidi, sauti ya mzee inaanza kusikika kama inatoka ndani ya bomba la maji, na mngurumo hafifu wa karasha ni afadhali kuliko hilo. Zaidi ya hayo, karasha ni sehemu ya Sekenke. Linalozuia maneno liondoke, linaloeleza mahali libaki.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho LUFS, kinachofuata jinsi sikio linavyosikia. Redio na televisheni za Ulaya hulenga LUFS 23 chini ya sifuri, huduma za muziki kama Spotify hulenga 14, na kwa masimulizi ya mtandaoni waandaaji wengi hutumia 16 kwa faili la sterio au 19 kwa faili la mono, vilele vikiachiwa desibeli 1. Audacity ina amri inayofanya hesabu hiyo yenyewe. Faida yake ni kwamba msikilizaji akitoka simulizi la kwanza kwenda la pili hatalazimika kuongeza wala kupunguza sauti, hata kama mzee wa kwanza alinong'ona na wa pili ni mhubiri. Sikiliza matokeo kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu ya bei ndogo kuliko zote nyumbani. Kispika hicho hakitoi besi. Ngoma iliyotikisa chumba wakati wa kurekodi inaweza kubaki kugonga tu, na kuongeza besi hakutaisaidia. Ongeza kidogo sauti za kati, palipo na ngozi na mkono.

Sasa ndipo faili linabanwa, mara moja tu, likiwa limekamilika. Kila kubana hutupa sehemu ya sauti, na kubana faili lililokwisha kubanwa hutupa juu ya kutupa. Faili la MP3 la mono kwa kilobiti 64 kwa sekunde linatosha kwa mazungumzo safi, na hula megabaiti 29 hivi kwa saa nzima. Simulizi la dakika 40 lililokuwa megabaiti 346 kwenye asili linashuka hadi 19. Ukitumia Opus, mfumo uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012 na ambao ndio huohuo WhatsApp inautumia, kilobiti 24 zinaleta mazungumzo yanayosikika vizuri kwa megabaiti 7 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu wa Shelui atasikiliza simulizi zima au atakomea dakika ya tano.

Kwa nini basi usitumie Opus peke yake? Kwa sababu MP3 inacheza kila mahali, hadi kwenye simu ya kitochi yenye memori kadi na redio ndogo ya sokoni yenye tundu la flashi. Haki za ubunifu zilizokuwa zikiibana zilikwisha muda mwaka 2017, hivyo hakuna anayedaiwa kwa kuitumia. Toa zote mbili kama unaweza. Kama ni moja, toa MP3. Ichague kwa kiwango kisichobadilika cha biti, kwani baadhi ya vicheza sauti hukosea kuonyesha urefu wa faili lenye kiwango kinachopanda na kushuka, na msikilizaji akitaka kuruka hadi dakika ya 20 anatupwa kwingine.

Muziki una hesabu yake. Kwaya ya sauti nne haikubali kilobiti 64. Inahitaji 128 kwa sterio, na ikiwa na vinanda, 160 ni bora. Lakini mfano mzuri zaidi wa hatari ya kubana kupita kiasi hauko kwenye muziki. Uko wilaya ya jirani, Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba, ambako Wahadzabe wanaishi Munguli na kando ya Ziwa Eyasi. Kihadzabe kina vidoko, yaani konsonanti za kugonga ulimi, kama kilivyo Kisandawe cha upande wa Dodoma. Kidoko ni mlipuko wa ghafla, mfupi mno, wenye sauti nyingi za juu. MP3 iliyobanwa sana hushindwa na milipuko ya namna hiyo: hutanguliza ukungu wa kelele kabla ya kidoko chenyewe na kukifanya butu, na vidoko viwili vinavyotenganisha maneno mawili vinaanza kufanana. Anayerekodi Kihadzabe asishuke chini ya kilobiti 128 kwa MP3, na mtaalamu wa lugha apewe WAV au FLAC, mfumo unaopunguza uzito bila kutupa chochote.

Kabla ya kupakia, jaza taarifa ndani ya faili lenyewe: jina la simulizi, msimulizi kama ameridhia, kijiji, lugha, mwaka. Iramba, kama kwingine vijijini, faili halikai mtandaoni peke yake. Linapakuliwa mara moja na mtu wa kibanda cha kuchaji simu, kisha linaingizwa kwenye memori kadi za wengine. Taarifa zilizomo ndani husafiri nalo. Maelezo ya kwenye ukurasa wa tovuti hubaki nyuma.

Kutiririsha kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka faili moja kwenye seva, nalo huanza kucheza wakati sehemu iliyobaki ikiendelea kushuka. Seva lazima iwe inaruhusu kuchukuliwa kipande cha faili, ili anayeruka mbele asilazimike kupakua yote. Njia ya pili hulikata faili kuwa vipande vya sekunde 6 hivi, vikiwa vimetayarishwa kwa viwango viwili au vitatu vya biti, na kicheza sauti huchagua chepesi mtandao ukizorota na kizito ukiimarika. Redio kubwa na huduma za filamu hutumia hiyo. Kwa masimulizi ya kijiji njia ya kwanza inatosha, maana faili la megabaiti 7 ni jepesi kuliko video fupi za mitandao. Jambo moja tu mtengeneza tovuti aambiwe bila kumung'unya maneno: ukurasa ukifunguliwa, sauti isianze kushuka mpaka msikilizaji abonyeze. Tovuti inayopakia masimulizi kumi kwa mtu aliyetaka moja inamla bando lake bila ruhusa.

Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, hupokea rekodi bure na hutengeneza yenyewe nakala nyepesi kutoka WAV au FLAC. YouTube nayo hubana upya kila inachopokea, kwa hiyo ipewe sauti isiyobanwa. Popote utakapochagua, andika chini ya kila rekodi aya moja ya Kiswahili inayoeleza nani anasema nini dakika ya ngapi. Injini za kutafuta hazisikii Kinyiramba, zinasoma maandishi. Na kwa Mnyiramba aliyezaliwa Dar es Salaam, asiyeijua tena lugha ya bibi yake, aya hiyo ndiyo mlango wake wa kuingilia.

Kuna na kaseti. Kwaya za Singida zimerekodi kaseti kwa miaka mingi, na nyingi zimo kwenye makabati ya makanisa zikingoja vumbi limalize kazi. Kwanza vunja vile vibati viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, zungusha kaseti mbele na nyuma mara moja ili utepe ulegee, kisha uicheze huku kompyuta ikirekodi. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza sampuli 96,000 na biti 24 kwa kazi hii, na 48,000 kama kiwango cha chini. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na ngoma za jadi za nchi nzima kwenye kanda kubwa, na kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta imewachukua watu miaka, kwa sababu hiyohiyo.

Ruhusa iombwe mbele ya maiki, mwanzoni kabisa, ili iwe ndani ya rekodi: jina, kijiji, tarehe, na kama anakubali sauti yake isikike popote duniani. Maneno haya ya mwisho yafafanuliwe, kwani mzee anaweza kudhani anaongea na redio ya mkoa. Wachimbaji husimulia mambo mazito: nani alipata dhahabu bila kuitangaza, duara (shimo la uchimbaji) lipi lina mgogoro, nani alifukiwa na kwa uzembe wa nani. Msikilizishe msimulizi sehemu hizo kabla ya kuzitoa, na akisema zikatwe, zikatwe kwenye nakala ya mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mwimbaji, na inazigusa pia sanaa za jadi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda msimulizi. Anayetaka kuendesha redio ya mtandaoni au chaneli ya habari aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kuhusu leseni, maana Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizoanza 2018 ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena 2022.

Kijana aliyeingia mgodini Sekenke akiwa na miaka 18 wakati mgodi mkubwa unakaribia kufungwa, leo amepita miaka 80. Wewe uliye Iramba na una simu yenye nafasi ya megabaiti 500, nenda wiki hii kwa mmoja wao. Kazi ikikamilika, kabla hujapakia popote, nakili simulizi lake kwenye memori kadi na umkabidhi yeye na wanawe.